Mzee wa Cheni



Nina bizimu kwenye droo. Bizimu ni kile chuma cha kufungia mkanda, na hii ya kwangu ni kubwa kama zile za wachunga ng'ombe wa kwenye sinema. Niliipata kwa kuendesha baiskeli maili 100 milimani ndani ya saa 12, na wageni wakija kwangu huwa wanataka waione. Siku hizi siitoi. Leo nataka niwaambie kwa nini, na mnivumilie, maana habari yenyewe hainipambi.

Mimi ni mtu wa Marangu, ila nafanya kazi Texas, kazi ya zamu. Baada ya miaka miwili bila kupumzika nikapewa likizo ya siku kumi. Mama alitaka nije nyumbani. Nikamwambia, Mama, siku kumi hazitoshi, zitaishia kwenye viwanja vya ndege. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa sababu. Sababu ni kwamba jina langu lilikuwa limetoka kwenye bahati nasibu ya mashindano ya baiskeli ya Leadville, kule Colorado, na mwenyewe nilishalipia.

Leadville ni mji mdogo wa wachimba madini, uko mita 3,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa aliyepanda Kilimanjaro nitasema hivi: mji mzima, na shule zake na maduka yake, uko juu kuliko vibanda vya Mandara. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mgodi wa Climax ulifungwa, watu wakabaki bila kazi. Mchimbaji mmoja, Ken Chlouber, akaona dawa ni kuwaalika wageni waje wateseke, walale, wale, waache hela. Mwaka 1983 akaanzisha mbio za miguu za maili 100. Za baiskeli zikafuata mwaka 1994. Hufanyika Agosti, siku ya Jumamosi. Ukimaliza ndani ya saa 12 unapewa bizimu. Ndani ya saa 9 unapewa kubwa zaidi. Ukizidisha saa 12, hata kwa dakika moja, bizimu huioni.

Siku moja kabla ya mashindano kuna mkutano, na pale wote mnatamka kwa sauti kwamba hamtaacha. Nilitamka. Nilitamka kwa nguvu kuliko ninavyoitikia Nasadiki, Mungu anisamehe.

Bunduki ililia saa 12:30 asubuhi. Kwa hiyo hesabu ni rahisi: ukikanyaga kapeti kabla ya saa 12:30 jioni, umepata. Siku nzima nilikuwa naishi ndani ya hesabu hiyo. Mlima wa kwanza unaitwa St. Kevins. Nilikuwa nimesoma habari za mtakatifu mwenye jina hilo, mmonaki wa zamani wa Glendalough, Irandi. Wanasimulia kwamba siku moja alinyoosha mkono akisali, ndege akaja akataga mayai kiganjani, naye akakaa vilevile na mkono wazi mpaka vifaranga vikaruka. Wakati napanda niliikumbuka hadithi hiyo nikaiona nzuri, nikaipita kama nilivyopita mawe.

Njia ni kwenda na kurudi. Katikati kuna Columbine, karibu mita 3,800, yaani juu kidogo ya Horombo. Pale juu wengi tulikuwa tunasukuma baiskeli kwa miguu, hakuna anayeongea, unasikia pumzi tu. Mimi mtoto wa mlimani niliyekuwa najisifu kwa Wamarekani kazini, kichwa kilikuwa kinagonga kama ngoma. Lakini niligeuka, nikashuka, na nilipopiga hesabu nikaona bado nina nafasi. Ndogo, lakini ninayo.

Sasa sikilizeni.

Ukirudi, karibu na maili ya 80, unakutana na Powerline. Ni mlima unaofuata nyaya za umeme, na ni mkali kiasi kwamba wengi wetu hatuuendeshi, tunausukuma. Chini yake, kwenye kivuli kidogo, alikuwa amekaa mzee mmoja juu ya jiwe. Nasema mzee; labda miaka sitini na kitu. Baiskeli ilikuwa imelala kwenye nyasi, na mkononi alikuwa ameshika cheni imening'inia kama nyoka aliyekufa. Aliinua mkono mwingine akaniuliza, kwa adabu kabisa, kama nina kiungo cha cheni cha akiba.

Nilikuwa nacho. Kilikuwa kwenye mfuko wa mgongoni, ndani ya kikaratasi, pamoja na kifaa cha kukatia. Kukifunga ni kazi ya dakika tano, kwa mikono iliyochoka tuseme saba.

Sikumjibu hapana. Ningemjibu hapana ingekuwa afadhali. Nilishika sikio, nikatikisa kichwa kama mtu ambaye hakusikia vizuri, nikasema pole, nikapita.

Dakika chache baadaye, nikiwa nasukuma baiskeli, saa yangu ya mkononi ikalia. Nimeiweka ilie kila siku saa tisa alasiri, kunikumbusha Saa ya Huruma ya Mungu. Vijana wengi wa jumuiya yetu tunafanya hivyo. Ililia, nikaiangalia, na unajua nilifikiri nini? Nilifikiri: saa tisa, nipo sawa, bado saa tatu na nusu. Nikabonyeza ikanyamaza.

Nilimaliza kwa saa 11 na dakika 47. Nilibakiza dakika 13.

Kuna utafiti mmoja napenda kila kijana wa Kanisa aujue. Wanasaikolojia wawili, Darley na Batson, waliuchapisha mwaka 1973. Waliwachukua wanafunzi wa seminari ya Princeton, wakawaambia waende jengo la jirani kutoa hotuba fupi. Baadhi walipewa mada ya Msamaria Mwema. Baadhi waliambiwa mna muda wa kutosha, wengine mmewahi sawasawa, wengine mmechelewa, kimbieni. Njiani watafiti walimweka mtu ameinama mlangoni, anakohoa na kugumia. Walioambiwa wana muda, asilimia 63 walisaidia. Walioambiwa wamechelewa, asilimia 10. Na kuwa na Msamaria kichwani hakukuonekana kubadilisha jambo kwa kiasi cha maana. Wapo walioenda kumhubiri Msamaria kwa kumruka mgonjwa.

Mimi zamani nilimwona yule kuhani na yule Mlawi wa Luka 10 kama watu wenye roho mbaya. Tulipoigiza mfano huo kwenye Utoto Mtakatifu tuliwapa sura za kununa. Sasa nafikiri labda walikuwa na sura kama yangu tu. Watu wenye ratiba. Kuhani ana zamu, Mlawi ana kikao. Mwovu kabisa katika ule mfano ni mnyang'anyi, na wala mimi si mnyang'anyi. Mimi nilikuwa na haraka. Hicho ndicho kinachonitisha: kwamba kumpita mtu hakukuhitaji nimchukie. Kulihitaji saa tu.

Msinielewe vibaya kwamba michezo ni dhambi. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kuhusu wakimbiaji kwa sababu jirani yao kulikuwa na michezo mikubwa ya Isthmia, na mshindi alivikwa taji la majani. Paulo hakuwakataza kukimbia. Na sisi waendesha baiskeli Kanisa limetupa msimamizi: mwaka 1949 Papa Pius XII alimtangaza Mama Yetu wa Ghisallo, ambaye kikanisa chake kiko mlimani kaskazini mwa Italia, na ndani wameweka baiskeli za mabingwa. Mmoja wa mabingwa wa enzi hizo ni Gino Bartali, Mkatoliki wa sala kweli, aliyeshinda Tour de France mwaka 1938 na tena 1948. Hesabu miaka katikati hapo. Wakati wa vita alikuwa akiendesha kati ya Florence na Assisi, anayemwona anadhani anafanya mazoezi, kumbe ndani ya bomba za baiskeli amebeba karatasi za kuwaokoa Wayahudi. Alifariki mwaka 2000, na akiwa hai hakupenda kulizungumzia jambo hilo. Mwaka 2013 Yad Vashem ya Yerusalemu ikamtambua. Miguu ileile, baiskeli ileile. Mimi nilibeba kiungo cha cheni cha gramu chache, nikakirudisha Texas.

Jumapili asubuhi nilipokea bizimu, nikapiga picha, nikaiweka mtandaoni, watu wakapenda. Kisha nikaenda Misa katika kanisa la Annunciation, yaani Kupashwa Habari Bikira Maria, lenye mnara mrefu mwembamba. Kanisa la zamani. Yule mama Margaret Brown aliyenusurika kwenye Titanic alifunga ndoa humo mwaka 1886. Injili ya siku hiyo haikuwa ya Msamaria, wala padre hakusema lolote la kunichoma. Ni pale kwenye Nakuungamia, mwanzoni kabisa. Mnajua ile sehemu inayotaja yale ambayo hatukuyafanya? Huwa naisema haraka kwa sababu mdomo umeizoea. Siku hiyo ilinikwama kooni.

Mchana nilitembea hadi makaburini. Kuna sehemu ya Wakatoliki maskini, zaidi ya watu elfu moja wamezikwa pale, wengi wao wahamiaji kutoka Irandi waliokuja kuchimba madini. Makaburi hayana majina. Unaona ardhi imedidimia tu kati ya miti. Nilisimama nikafikiri, hawa walikuja kama mimi, kutafuta kazi. Nikasali Baba Yetu na Salamu Maria moja. Halafu nikajikuta nataka kumwombea yule mzee, nikagundua simjui jina, na hata namba yake sikuitazama. Matokeo yote yapo mtandaoni kwa namba. Ningekuwa nimeitazama ningejua kama alifika.

Niliporudi nilikwenda kitubio. Padre wa parokia yetu ni mtu wa mzaha. Aliposikia alininong'oneza, "Kwa hiyo unaungama dhambi ya kutotengeneza baiskeli?" Nikacheka kidogo. Akasubiri, akauliza, "Ulimsikia?"

"Ndiyo, Padre."

"Ukajifanya hukusikia?"

"Ndiyo."

"Haya. Tuanzie hapo."

Malipizi aliyonipa ni mepesi na ni magumu: kwa Jumamosi nne niendeshe baiskeli bila saa. Hakuna saa mkononi, hakuna simu kwenye usukani. Jumamosi ya kwanza nilikuwa kama mtu aliyekatazwa kuvuta sigara, mkono unatazamwa kila baada ya kona. Ya tatu nilimkuta binti ameanguka njiani, nikasimama, akaniambia hapana asante, niko sawa, kaka yangu anakuja. Nikabaki nimesimama kama mjinga. Si kila mara unaposimama unakuta mtu anakuhitaji.

Jumapili moja nikampigia Mama. Nilimweleza yote, pamoja na ile habari kwamba ningeweza kuja nyumbani na sikuja. Hilo hakulijibu. Alinyamaza, nikasikia kuku nyuma yake, kisha akauliza swali moja tu.

"Na huyo mzee, baba, alifika?"

Nikasema, "Sijui, Mama."

"Ulimwacha mahali pa baridi?"

"Kulikuwa na jua. Jioni kunakuwa na baridi."

"Haya," akasema. "Tumwombee, basi." Na palepale, kwenye simu, akaanza kumi moja la Rozari, tena taratibu, kwa ile sauti yake ya jumuiya. Alipofika kwenye nia akasita, akaniuliza anaitwa nani. Nikamwambia sijui. Akasema, "Basi tumwite Mzee wa Cheni, Mungu anamjua."

Saa yangu bado inalia saa tisa alasiri. Kama niko kazini naenda stoo dakika chache, nafunga mlango. Nawataja wagonjwa, namtaja Mama, namtaja Mzee wa Cheni. Kwenye mfuko wa baiskeli sasa kuna viungo viwili.