Kabla Hujachomeka Waya Ukutani

Mjukuu wangu, tangu Jumapili usingizi wangu si mzuri. Ulipotoka kanisani ukaja kuniamkia, “Mugonile, babu,” kisha ukafungua lile boksi alilokutumia shangazi yako kutoka Marekani, nilifurahi pamoja nawe. Ndani mlikuwa na Dynaco PAS-3, chombo kinachotayarisha sauti kabla haijaingia kwenye amplifaya. Nilizihesabu valvu zake: nne za 12AX7 na moja ya 12X4, zote nzima. Mara nikaona mkono wako unatafuta soketi ukutani, nikakushika kiganja. Mbele ya wenzako sikutaka kusema mengi. Leo nasema, nao wasikie, maana vijana wa Kyela mjini, Ipinda hadi Matema naona mmeanza kuvipenda vyombo vya zamani.

Chombo kile kilitengenezwa kwa umeme wa Marekani, volti 120. Ukutani kwako kuna 230. Ungechomeka, transfoma ingebebeshwa karibu mara mbili ya mzigo wake, na ndani mle mna kipande cha seleniamu kinachonyoosha umeme wa kuwasha valvu. Seleniamu ikiungua hutoa harufu ya kitunguu saumu kilichooza, na moshi wake ni sumu. Chumba chako kina dirisha moja, na mtoto wa dada yako analala humo. Tafuta kwanza transfoma ya kushusha umeme. Hata ukiipata, kumbuka umeme wetu hupiga mawimbi 50 kwa sekunde na wa kwao 60, hivyo chuma cha transfoma ya ndani kitapata joto zaidi ya kilivyozoea. Usikiache kinawaka usiku kucha.

Unajua kwa nini vyombo vile viliuzwa bei nafuu? Dynaco, kampuni ya Philadelphia, iliviuza pia vikiwa vipande vipande katika boksi, mnunuzi akalehemu mwenyewe mezani kwake. Ni wazo zuri, nami nalisifu, kwa sababu liliwafikishia muziki safi watu wasio na fedha nyingi. Lakini maana yake ni kwamba huujui mkono uliolehemu chako. Huenda alikuwa mhandisi, huenda alikuwa kijana wa umri wako mwenye haraka. Kwa hiyo kila kiungo utakikagua kwa kioo cha kukuzia. Risasi iliyoshika vizuri inang'aa na kukumbatia waya. Iliyoshika vibaya imefifia, ina chembechembe kama ugali usioiva, na ukiutikisa waya kwa kijiti kikavu unacheza.

Baba yangu alirudi kutoka migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini na redio ya sufuria. Ndivyo walivyoiita, kwa sababu mwili wake ulikuwa bakuli la aluminiamu kama sufuria, umepakwa rangi ya buluu. Zilianza kuuzwa mwaka 1949 kwa pauni 5, zikiwalenga wasikilizaji wa kituo cha Lusaka ambao hawakuwa na umeme. Ilitumia betri kavu, na valvu zake zilikuwa nne, ndogo. Baba aliiheshimu kama ng'ombe. Jioni, wazee wa kijiji walipokuja kusikiliza, aliiwasha mwenyewe na kuizima mwenyewe, na mama aliifunika kwa kanga kabla ya kulala. Ilidumu miaka mingi kuliko redio za majirani, na mimi nilijifunza ufundi nikiitazama jinsi ilivyofunguliwa mara moja tu kwa mwaka, wakati wa kiangazi, mchana, jua likiwa kali.

Kiangazi, mjukuu wangu. Hapa kwetu zinanyesha zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na ikifika Aprili hata viatu kabatini vinaota ukungu wa kijani. Unyevu huo huo unaingia kwenye soketi za valvu na kwenye volyumu. Utasikia sauti inakwaruza ukizungusha kitufe, halafu upande mmoja unapotea, unarudi. Wengi hukimbilia kununua valvu mpya. Angalia kutu kwanza. Chombo kikiwa kimezimwa na kupoa, chomoa kila valvu kwa kuishika chini karibu na soketi, futa miguu yake kwa kitambaa na spiriti, irudishe taratibu. Mara nyingi ugonjwa wote ulikuwa hapo. Na usikiweke dirishani upande wa ziwa. Wale wadudu wanaopanda juu ya maji kama moshi wanafuata mwanga. Nimewahi kufungua amplifaya nikakuta wamejaa ndani kama pumba.

Sasa lile lililoninyima usingizi.

Nikiwa na miaka 22 niliitwa kutengeneza amplifaya ya valvu iliyokuwa inavuma. Niliizima, nikachomoa waya ukutani, nikaongea na mwenyeji pengine dakika kumi, nikafungua mfuniko. Kidole changu kiligusa mguu wa kapasita kubwa. Nilijikuta nimekaa chini ukutani, ulimi una damu, na mkono wa kulia haukushika kitu hadi siku ya pili. Waya ulikuwa umelala sakafuni wakati wote huo. Kapasita ni kama mtungi: ukiufunga mfereji, maji yaliyomo yanabaki. Ndani ya chombo chako kuna takribani volti 300, na zinaweza kubaki hata baada ya taa zote kuzimika.

Kwa hiyo fanya hivi, na ufanye kila mara. Chomoa waya. Subiri. Chukua rezista ya omu 10,000, ile nene, iliyofungwa kwenye waya wenye vibanio vilivyovishwa plastiki. Banio moja kwenye bodi ya chuma, jingine uliguse kwenye kapasita, uhesabu hadi thelathini. Kisha pima kwa testa. Mpaka testa isome sifuri, mkono mmoja ukae mfukoni, na miguu iwe na kandambili kavu. Usizimalize volti hizo kwa bisibisi kama unavyoona mafundi wengine wakifanya. Cheche ile inaunguza kapasita na inaweza kukurukia machoni.

Siku ya kukiwasha mara ya kwanza tutafunga balbu ya zamani ya wati 60, ile ya waya wa ndani, ipitiwe na umeme kabla haujafika kwenye transfoma. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, ndani kuna shoti na tunazima. Ikimulika kidogo kisha ikafifia, chombo kinapumua. Balbu za kisasa za kubana matumizi hazifai kwa kazi hii, usijidanganye nazo. Kapasita za umeme tutazibadilisha zote, kwa kuwa maji ya ndani yake yamekauka kwa miaka zaidi ya hamsini. Valvu usihofu, 12AX7 bado zinatengenezwa Urusi, China na Slovakia. Fedha yake uitoe kwenye kakao ya msimu huu, usiguse ada ya mdogo wako.

Jumamosi nitakuwa nyumbani. Njoo asubuhi mvua ikikatika, ulete boksi likiwa na waya wake umefungwa hivyo hivyo nilivyoufunga. Balbu ninayo. Rezista pia ninayo, imo kwenye kopo la chai juu ya kabati, pamoja na zile valvu nne ndogo za redio ya babu yako mkubwa.