Swali la Rubani

Wajukuu zangu, mmenionyesha picha ya lile gari lenye hema juu ya paa, na njia yenu kutoka Dar es Salaam hadi Moshi, na siku mtakazopanda Kilimanjaro kwenda kuiona barafu. Bibi yenu kasema mashallah mara tatu, kisha kaingia jikoni kusoma dua. Mimi nimekuleteni hapa Mutrah, Maskati, tukae ukingoni mwa bahari, kwa sababu ninalotaka kukwambieni linaonekana kutoka hapa.

Ile meli nyeupe ya watalii kule nje, mnaiona imepunguza mwendo? Inamngoja rubani wa bandari. Na boti ile ndogo inayokata maji kutoka Bandari ya Sultan Qaboos ndiyo inayompeleka. Mimi nilikuwa baharia wa boti kama ile. Bandari ilifunguliwa 1974, nami nilikuwa kijana niliyetoka Unguja juzi, Kiarabu changu cha kuombea maji tu. Siku hizo hapa palikuwa na saruji, mchele, magari, kila kitu. Shehena imehamia Sohar tangu 2014, zimebaki meli za matembezi na boti za mfalme, lakini kazi ya rubani haijabadilika hata chembe.

Mara nyingine nilipanda naye ngazi ya kamba nimembebea mkoba, kwa hiyo nilisikia kwa masikio yangu. Akifika juu humsalimia nahodha, hupewa kahawa, na kabla hajaimeza huuliza: meli yako ina nini? Imezama mita ngapi? Injini ikiambiwa irudi nyuma, inachukua muda gani? Kuna kitu kibovu? Mwanzoni nilishangaa. Mtu anayelijua kila jabali la ghuba hii, anauliza nini tena? Baadaye ndiyo nikafahamu. Majabali anayajua, ila meli hii hajapata kuiona.

Nahodha mmoja, nchi yake siitaji wala meli siitaji, alijibu kila kitu kizuri. Tukaingia. Tulipokaribia gati rubani akaamuru injini irudi nyuma. Kimya. Akarudia. Kimya, kisha mtikisiko mdogo, na meli bado inakwenda. Mapira ya gati yalipondeka yakalia kama ng'ombe, na rangi ya ubavu ikachanika hatua kumi na zaidi. Kumbe injini ilikuwa na uvivu huo tangu bandari mbili nyuma, na nahodha anaujua. Hakuumia mtu. Rubani alivua kofia, akajifuta uso, akamwambia: "Ungeniambia."

Sasa tuje mlimani kwenu. Huko hampandi peke yenu, sheria ya hifadhi haikubali. Mtapewa kiongozi, wasaidizi wake, mpishi na wapagazi, ambao wenyewe kwa wenyewe huitana wagumu, na ugumu wao mtauona watakapokupiteni mbio na mzigo wa kilo ishirini kichwani ninyi mkihema na chupa ya maji. Mna bahati moja ambayo watalii wengi hawana: mtafahamu wanachosema. Wakitaka msifahamu watahamia Kichagga.

Na kazi hii ya kuongoza watu kwenye mlima ule ni kongwe. Mwaka 1848 mmisionari Rebmann alitoka Rabai, nyuma ya Mombasa, na kiongozi wake Mswahili aliyeitwa Bwana Kheri. Mwenzake Krapf ndiye aliyetangulia kufika pwani, 1844, kwa ruhusa ya Sayyid Said, mtawala huyu huyu aliyetoka Maskati akahamishia makao yake Unguja. Basi jambo lenyewe lina harufu ya hapa. Tarehe 11 Mei Rebmann akaona weupe juu ya mlima. Akauliza, je, lile ni wingu? Bwana Kheri akajibu kuwa wingu ni lile kule, na weupe ule hajui ni nini, ila anadhani ni baridi. Nalipenda sana jibu hilo. Mtu wa pwani, hajagusa theluji maishani, akasema anachokijua na anachodhani bila kuvichanganya. Huko London bwana mmoja Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, alibisha miaka na miaka kwamba theluji karibu na ikweta haiwezekani. Kiongozi wa namna ya Bwana Kheri mkimpata, mshikeni.

Lakini Bwana Kheri wenu hatajua kichwa chako kinavyogonga. Hapo ndipo ninapokwenda. Watakubaneni kidole kwa kidude cha kupima hewa ya damu asubuhi na jioni, watauliza mmelala, mmekula, mmetapika? Na nyinyi mmelipa mapesa, mmewaahidi marafiki picha, na kila mmoja hataki kumharibia mwenzake. Mtasema: mzima, mzima kabisa. Mtameza kidonge gizani. Nakujueni, nimekuleeni.

Ugonjwa wa kimo hauna ushujaa. Huanza na kichwa na kichefuchefu, na kama ni huo tu kiongozi atakupumzisha, akuangalie. Lakini ukianza kuyumba kama mlevi, au kukohoa na kukosa pumzi hata umekaa, dawa ni kushuka, saa ile ile, hata ikiwa usiku. Wala hauchagui mwenye misuli. Pengine wewe kijana wa mazoezi utaanguka na mkeo akapanda anaimba. Kambi ya mwisho ya njia ya Machame inaitwa Barafu, mita 4,673. Watu hutoka hapo kama saa sita ya usiku kwenda kilele cha Uhuru, 5,895. Usiku huo, kwenye baridi hiyo, watu hawaamui vizuri. Basi amueni hapa hapa kwenye joto: mmoja akirudishwa, mwenziwe afanyeje? Wasaidizi wapo, mgonjwa atateremshwa salama na mwingine ataweza kuendelea. Rai yangu mimi, aendelee, na asiye na nguvu asimnunie. Bibi yenu ana rai nyingine, muulizeni mtakaporudi nyumbani.

Na barafu yenyewe msiitarajie ile ya picha za kizamani. Tangu ilipopimwa 1912 zaidi ya asilimia 80 imekwisha, na UNESCO ilisema 2022 kwamba kufikia 2050 inaweza isibaki kabisa. Mtaiona pembeni, kuta kuta, kama sukari guru iliyoachwa mvuani. Nendeni mkaione. Watoto wenu pengine watahadithiwa tu.

Gari ni jambo dogo, nitasema haraka. Kule hupita kushoto, si kulia kama hapa, na kosa hutokea mnapotoka kituo cha mafuta asubuhi, akili imelala. Penye nyumba ni kilomita 50 kwa saa na trafiki wamejificha kwenye kivuli cha mwembe. Usiku msiendeshe, kuna malori yaliyoharibika yakaachwa barabarani bila taa. Segera nunueni machungwa.

Na spea. Ikaguliwe na nyote wawili. Miaka ile barabara ya pwani kutoka Quriyat mpaka Sur ilikuwa kokoto tupu, nami nilimchukua bibi yenu tukalale ufukweni, mapenzi mapya. Aliniuliza mara moja tu, asubuhi, kabla hatujatoka: gari zima? Nikasema zima. Spea haikuwa na upepo, nilijua tangu juma lililopita, nikaona aibu kurudi gereji. Tairi lilipasuka karibu na Fins. Tulikaa chini ya gari saa tano, yeye amenipa mgongo, anakula tende moja moja bila kunipa, mpaka likapita lori la wavuvi. Mpaka leo tukitoka hata kwenda sokoni ananiuliza spea.

Haya, boti imeshafika ubavuni mwa meli, mtu mdogo yule yuko kwenye ngazi. Kabla hatujaenda kununua halua, nijibuni. Mlipokwenda kulala Jabal Shams mwezi uliopita, nani aliumwa kichwa?

Mbona wewe unaangalia bahari?