Usingizi Mnaoupuuza Leo

Wanangu, nawasikia mkijisifu. Huyu amekesha na simu hadi adhana ya alfajiri, yule anadai saa nne za usingizi zinamtosha, na wenzake wanamwona shujaa. Bidii yenu naipenda. Ninachoogopa ni deni lisilodaiwa mwaka huu wala mwakani.

Kule London, watafiti walianza kuwafuatilia watumishi wa serikali mwaka 1985. Matokeo ya karibu 8,000 kati yao yalichapishwa mwaka 2021. Waliolala saa sita au pungufu walipokuwa na miaka 50, wakabaki hivyo walipofika miaka 60 na 70, hatari yao ya kupata ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu ilizidi ya waliolala saa saba kwa asilimia 30 hivi. Hebu itazameni hiyo 50. Huyo si mkongwe wa mkongojo. Ni mtu aliye kazini, bado anasomesha, na ulalaji wake ameuzoea tangu ujanani.

Mwaka 2013 Maiken Nedergaard na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, waliona kwamba panya akilala, nafasi kati ya seli za ubongo wake hupanuka, majimaji yakapita na kuondoa taka. Miongoni mwa taka hizo ni beta-amiloidi, protini ile ile inayorundikana katika ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer, aina mojawapo ya ugonjwa huo wa kupoteza kumbukumbu. Panya si binadamu, na wataalamu wangali wanabishana juu ya jambo hili.

Tena haijathibitika kwamba kukosa usingizi ndiko kunakoleta maradhi. Ugonjwa huu huanza kimyakimya miaka mingi kabla mtu hajasahau jina la mwanawe, kwa hiyo huenda usingizi ulioharibika ni dalili yake ya mwanzo. Iwe chanzo au dalili, kwangu mimi ni jambo la kupeleka hospitali.

Basi babu aliyezoea kulala saa saba akianza kulala kumi na kusinzia mchana kutwa, msiseme ni uzee tu. Anayekoroma huku pumzi zikikatika, mpelekeni apimwe. Na bibi anayezunguka uani usiku wa manane akitafuta nyumba ya mamaye aliyekwisha kufa, ole wake atakayemwita mchawi! Vikongwe wameuawa kwa neno hilo. Wala msimnunulie vidonge vya usingizi bila daktari.

Ninyi walinzi na wauguzi wa zamu za usiku siwezi kuwaamuru mlale saa tatu usiku. Nasema na mnaoishi nao: wakirudi asubuhi, zimeni redio, tieni pazia zito dirishani, na mgeni aambiwe arudi jioni.