Je, Ikhlasi Yatosha Kumlisha Mwalimu?

Katika darsa yetu ya baada ya Isha lilizuka suala ambalo hatukulitazamia. Mzee mmoja alisikitika kuwa mwalimu wa mjukuu wake, mwanamke aliyefundisha watoto wadogo kwa miaka tisa, ameacha kazi ghafula na sasa auza nguo. "Dunia imemvuta," akasema. Kijana mmoja akamjibu kwa adabu: "Ami yangu, huenda si dunia iliyomvuta. Huenda ni sisi tuliomsukuma."

Maneno hayo yalitukaa moyoni, na ndiyo yaliyotufanya tushike kalamu.

Na tumtazame mwalimu wa nasari katika mitaa yetu, tangu Mji wa Kale mpaka Likoni na Kisauni. Asubuhi apokea watoto wa miaka minne na mitano. Huyu alilia mamake, huyu amejikojolea, na yule amemng'ata mwenziwe kwa sababu ya kipande cha chaki. Yeye ndiye mwalimu, ndiye mama, ndiye muuguzi, ndiye kadhi wa kesi zisizokwisha. Tena hana ruhusa ya kukunja uso, kwani mtoto mdogo husoma uso kabla hajajua kusoma herufi. Seremala akikasirika huweka randa chini akaenda kunywa kahawa, na mbao zake zitamngoja. Watoto thalathini hawangoji. Alasiri wengi wao huingia chuoni kusomesha tena, na jioni majumbani mwao masufuria yawangoja. Zamani chuo kilikuwa na mapumziko yake ya Ijumaa, na skuli ina Jumamosi na Jumapili. Mwalimu anayesomesha kotekote huzikosa zote tatu.

Mwaka 1974, tabibu wa nafsi mjini New York, Herbert Freudenberger, aliandika juu ya uchovu aliouona kwa watu waliojitolea kuwahudumia wagonjwa bila malipo. Jambo la kuzingatiwa ni kuwa waliovunjika moyo hawakuwa wavivu. Walikuwa wale waliojitoa zaidi ya wenzao. Baada yake Christina Maslach alitafuta njia ya kuupima uchovu huo, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likaueleza kuwa ni jambo litokanalo na kazi, wala halikuuita ugonjwa. Lilitaja alama tatu: nguvu kukauka, moyo kujitenga na kazi au kuidharau, na mtu kuona kuwa alifanyalo halifai kitu. Alama ya pili ndiyo ituogopeshayo sisi. Mwalimu aliyechoka mwili atalala aamke, lakini mwalimu ambaye moyo wake umewahama watoto atakuwapo darasani kila siku na mtoto asimpate.

Sababu ni nyingi, nasi hatutazipanga zote hapa. Wingi wa watoto kwa mtu mmoja wajulikana. Upweke pia wajulikana, kwani mwalimu huyu aweza kupitisha asubuhi nzima asiseme na mtu mzima. Lakini mbili twaona ni dhambi zetu wenyewe. Ya kwanza ni dharau. Husikia mzazi akisema, "Kazi yake ni kuimba na watoto tu," hali mzazi huyohuyo hawawezi watoto wake wawili siku ya mvua. Ya pili ni mshahara. Katika nasari nyingi za mitaani na zile zilizoshikana na madrasa, mwalimu hulipwa kutokana na ada za wazazi. Ada ikichelewa, mshahara wachelewa. Nasi twawajua watu ambao ada ya mtoto huwashinda miezi, lakini arusi ikija mapambo hukodiwa, wapiga picha huitwa, na pilau humwagwa. Sijui, au tuseme hatujui, fedha hizo hutoka shimo gani.

Wapo wasemao kuwa mwalimu wa dini na wa watoto afanye kazi kwa ikhlasi, malipo yake yako kwa Mungu. Maneno haya yana asili, nasi hatuyakejeli. Imamu Ghazali alimnasihi mwalimu asitake ujira kwa elimu yake. Wanazuoni wa mwanzo wa Kihanafi walikataza ujira wa kufundisha Kurani, lakini waliokuja baada yao waliuruhusu kwa kuogopa isije ikakosa wa kuifundisha. Ama madhehebu yetu ya Kishafii, yameuruhusu. Tena nasaha ile aliambiwa mwalimu ajihisabu nafsi yake. Mzazi hakupewa iwe hoja ya kutolipa. Na Ghazali mwenyewe alisomesha Baghdad katika Nidhamiya, madrasa yenye wakfu wa kuwalisha waalimu wake. Hata hivyo mwaka 1095 ulimi wake ulifungika asiweze kutoa somo, akaiacha kazi. Sababu yake ilikuwa nyingine, ya rohoni, wala hatuzichanganyi. Twataja tu kuwa hata mwalimu mkubwa kama yule alifika mahali akashindwa kusema.

Tutaambiwa kuwa wazazi wengi ni vibarua wa bandarini na wachuuzi, na mwenye nasari hana hazina. Ni kweli. Katiba ya 2010 iliwapa serikali za kaunti jukumu la elimu ya awali, na yafaa tuwadai walitimize. Lakini kumpa mwalimu msaidizi, hata binti aliyemaliza skuli na yuko nyumbani. Kumwachia nusu saa ya kunywa chai bila mtoto mapajani. Kumwachia Ijumaa yake. Kumwita Bi Mwalimu mbele ya mtoto, hayo hayangoji kaunti.

Mzee wetu alinyamaza kitambo. Kesho yake alikwenda nasari kuuliza habari za mwalimu mpya, akafunguliwa daftari la ada. Jina la mjukuu wake lilikuwa na deni la miezi minne, na mitatu katika hiyo ilikuwa ya zamani za yule aliyeondoka. Alitusimulia mwenyewe, kisha akatuomba tumtafutie duka la yule bibi liko mtaa gani.