Maksai na Mfanyakazi



Huko Endasak, chini ya Mlima Hanang, mkulima alimaye kwa maksai hawaachi chini ya nira tangu asubuhi hata jioni. Jua likiwa kali huwafungua, akawapeleka majini na kivulini. Ni jambo jema. Lakini pumziko lile limo katika hesabu ya shamba. Maksai hupumzishwa ili alime tena.

Je, mfanyakazi naye apumzishwe kwa hesabu hiyo hiyo? Twauliza kwa sababu siku hizi waajiri wa kazi za kompyuta, hata wale watafutao mikono ya bei nafuu katika nchi maskini, hujivunia mipango ya kutunza afya ya akili ya watumishi wao: washauri, dakika za mapumziko, mafunzo ya kujituliza.

Tutazame yaliyotokea Nairobi. Tangu 2019 hata 2023 kampuni ya Sama iliajiri vijana wa nchi mbalimbali za Afrika kuchuja picha na maandishi yaliyowekwa katika Facebook. Walitazama mauaji, mateso, na watoto waliotendewa maovu, ili sisi tusiyaone. Kampuni ilisema iliwapa washauri na muda wa kupumzika. Wafanyakazi walisema msaada huo haukutosha, na mwaka 2022 mmoja wao, Daniel Motaung, aliishtaki Sama pamoja na Meta, mwenye Facebook. Desemba 2024 Mahakama ya Kazi ya Nairobi ilipelekewa taarifa ya daktari wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta: zaidi ya watu 140 walikuwa na majeraha ya nafsi.

Hatudharau ushauri. Mtu akisikilizwa hupata nafuu. Wala hatudharau ujira. Mzazi wa Endasak aliyeuza mbuzi ili mwanawe ajifunze kompyuta ataupokea kwa shukrani, na nani atamlaumu? Lakini maksai akichubuka shingo, mkulima mwema hatosheki na kumpaka mafuta. Huitazama nira, akaichonga upya. Mwajiri ampaye kijana mshauri, huku saa za kazi na picha zenyewe ni zile zile, amepaka mafuta tu.

Tena maksai hawezi kusema panapomwuma, naye mfanyakazi aweza. Yafaa basi aulizwe kabla mpango haujaandikwa, wala si baada ya kuugua. Mei 2023, wenye kazi hiyo ya kuchuja zaidi ya 150 walikutana Nairobi, wakapiga kura kuunda chama chao.