Mteremko ni wa Nani?

Ukitoka Mkuu kwenda Tarakea kwa baiskeli, barabara haikupi raha ya bure. Makorongo yanayoshuka kutoka Kilimanjaro yanaikata moja baada ya jingine. Unateremka na upepo masikioni, unavuka daraja, kisha unashuka kwenye kiti na kusukuma.

Siku moja nilikuwa nateremka mbio. Mzee mmoja alikuwa anapanda, anasukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi, akiyumba hadi upande wangu kupunguza ukali wa mlima. Nikapiga kengele. Akajivuta pembeni, gurudumu likaingia mtaroni, ndizi zikamwagika. Breki zangu zilikuwa nzima. Sikusimama.

Nilijitetea moyoni: si nilikuwa upande wangu? Kisheria, kweli. Lakini hebu tujiulize, kusimama kulimgharimu nani? Mimi ningesimama, mteremko ungenisubiri. Yeye akisimama, mzigo unamrudisha nyuma. Naona basi kwamba anayepaswa kupisha ni yule ambaye kupisha hakumpotezei kitu.

Mwenzangu mmoja alinijibu, "Ah, kila mtu na zamu yake. Leo unapanda, kesho unashuka." Mbona si kweli! Mwenye mzigo mzito hata mteremko huushuka kwa miguu, ameshika breki. Zamu yake ya upepo haifiki.

Siku hizi nikifika korongo lile hupunguza mwendo. Mzee yule sijakutana naye tena, na ndizi zake sikuziokota.