Je, Aliyenyamaza Amesamehe?

Hapa Madibira sote twaujua mwendo wa maji. Mtu akifungua tuta la jaruba, maji hushuka upande ulio chini, akiliziba, husimama. Wala hayafichi hali yake: yakienda, twaona kwamba yanakwenda.

Mwaka uliopita majirani wawili wa usharika wetu waligombana kwa ajili ya zamu ya maji ya mpunga, kisha wakanyamaza. Nasi viongozi tukasema, "Wamepoa," tukawakaribisha Mezani pa Bwana. Msimu wa kupanda ulipofika, wana wao wakapigana penye mfereji uleule. Ndipo tulipojiuliza: Je, kunyamaza ndiko kusamehe?

Na tuitazame lava, yaani mawe yaliyoyeyuka kwa moto, kama ile iliyotoka katika mlima Kyejo kule Rungwe yapata mwaka 1800. Lava hutafuta mabonde kama maji. Lakini ni nzito mno, nayo mara nyingi hujikokota hata mtu aweza kuikimbia. Wala si kila mara: tarehe 10 Januari 1977 lava ya Nyiragongo katika Kongo, iliyo majimaji kuliko nyingine nyingi, ilishuka mteremko mkali kwa kasi kupita mbio za mtu, ikaua watu wengi.

Tena iko tofauti nyingine. Lava hupoa juu upesi, ikafanya ganda jeusi, na mgeni hudhani kwamba ni mwamba. Kumbe chini yake moto wa digrii 1,000 na zaidi ungali ukienda. Ganda lile haliuzimi moto. Laufunika kama blanketi, hata lava hufika mbali kuliko ambavyo ingalifika bila ganda.

Basi hivyo ndivyo ilivyo hasira iliyofunikwa kwa kimya. Haikuzimika, imehifadhiwa, nayo hufika hata kwa watoto wasiojua mwanzo wake.

Labda mtu atasema, "Afadhali kimya kuliko ngumi." Ni kweli, nasi hatumlaumu ajizuiaye. Ila kujizuia ni mwanzo wa njia, si mwisho wake. Bwana wetu alimwagiza mwenye sadaka aiache madhabahuni, aende kwanza kupatana na ndugu yake. Hakumwambia anyamaze tu.

Kwa hiyo, walimu na wazee, tusiwe wepesi kusema, "Yamekwisha," kwa kuwa kelele zimekoma. Tuwaketishe ndugu pamoja, kila mmoja aseme neno lake mpaka mwisho, tena tungoje kwa saburi. Sisi tulikanyaga ganda tukaliita mwamba, na walioungua ni watoto. Hilo ni kosa letu, nasi twaliungama mbele yenu, tukimwomba Mungu atupe macho ya kuona yaliyo chini.